Kabla hujamtia paka mchanga kwenye karai

Ukifungua TikTok leo hukosi video ya paka wa Kiajemi anaogeshwa kwenye sinki huko ng'ambo. Maji ya moto yanatoka bombani, shampuu inatoa povu kama maziwa, halafu anapigwa draya mpaka manyoya yanasimama kama pamba. Video tamu, sikatai. Shida inaanza pale mtu wa Frere Town anapoiga video hiyo ndani ya ploti ya vyumba kumi, kwa maji ya kisima na sabuni ya kufulia, juu ya mtoto wa paka wa wiki tano aliyemwokota nyuma ya meza za samaki sokoni Kongowea.

Na tunaookota tuko wengi. Ukishuka matatu pale Kengeleni, jioni jioni, hutembei mita hamsini bila kusikia kilio chembamba chini ya kibanda. Soko liko karibu, panya wapo, matumbo ya samaki yapo, na paka wanazaa tu. Watoto wa mtaa wanabeba mmoja nyumbani kwa fulana, mama anapiga kelele siku mbili, siku ya tatu ndiye anayemmwagia maziwa. (Maziwa ya ng'ombe yenyewe humharisha paka mchanga, lakini hilo tuliache.) Isitoshe, kwa Waislamu wa huku Pwani paka si najisi, na kila aliyepita madrasa anajua Abu Hurayra alipata jina lake kwa sababu ya paka. Kwa hivyo upendo tunao. Kinachokosekana ni kujua pa kumshika.

Tuanze na hili: paka wengi hawahitaji kuogeshwa kabisa. Ulimi wa paka umejaa miiba midogo migumu iliyopinda kuelekea kooni, ndiyo maana akikulamba unahisi msasa. Hiyo ndiyo brashi yake, na anaitumia kutwa. Halafu paka wetu wa Pwani wana manyoya mafupi. Mchukue yule wa msitu wa Arabuko Sokoke, ambaye Wagiriama walimjua kitambo kwa jina la khadzonzo kwa sababu rangi yake inafanana na gome la mti. Mwaka wa 1978 Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka hao shambani kwake, akawafuga, na baadaye kizazi chao kikafika hadi Denmark. Leo ni aina inayotambulika duniani kwa jina la Sokoke, na manyoya yake hayadai chochote zaidi ya kuchanwa mara moja moja. Sasa wewe na huyo wako wa Kongowea, shampuu ya nini?

Mchanga aliyepoteza mama ni habari nyingine, maana ulimi wa mama ndio hamamu yake. Chini ya wiki tatu hivi hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama humlamba sehemu za nyuma ndipo atoe haja. Kama huna mama yake, wewe ndiye mama: chukua kitambaa laini au pamba, chovya kwenye maji ya vuguvugu, mpanguse taratibu chini ya mkia kila baada ya kumnywesha. Usoni tumia kitambaa kingine. Matongo yaliyogandisha macho usiyang'oe kwa ukucha, yaloweshe mpaka yalainike, panguse kutoka pembe ya ndani kwenda nje, na kila jicho na kitambaa chake. Umwagaji maji usahau kwa sasa. Katika wiki za mwanzo hajui kujipasha joto, na ukimlowesha msimu wa kusi mlango ukiwa wazi, baridi itammaliza kabla uchafu haujamdhuru.

Sasa tuje kwa adui mwenyewe: viroboto.

Watu hudhani kiroboto ni kero ya kujikuna tu. Kwa paka mzima, sawa. Kwa mtoto wa paka mwenye uzito wa pakiti ndogo ya unga, viroboto wengi wanaweza kumnyonya damu mpaka afe, tena bila kidonda chochote cha kuonekana. Mwinue mdomo utazame ufizi. Ukiwa wa waridi, uko salama. Ukiwa mweupe kama karatasi na yeye mwenyewe amelegea, acha kusoma hapa, mfunge kwenye leso umpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kama huna uhakika kuwa ni viroboto, chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Vile vidoti vyeusi vikiacha rangi nyekundu, hiyo ni damu yake iliyopita tumboni mwa kiroboto.

Hapa ndipo watu wanapoua paka kwa nia njema. Mwaka jana, ploti ya pili kutoka kwetu, kijana mmoja alinunua dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Muuzaji alimpimia kwenye kichupa na kumwambia inafaa mnyama yeyote. Jioni mtoto wa paka akaanza kutetemeka na kutoa mate. Kufikia alfajiri walikuwa wanatafuta jembe. Dada mdogo wa yule kijana, wa darasa la tatu, alikuwa ameshamwandalia shanga za shingoni.

Dawa nyingi za kupe na viroboto zilizotengenezewa mbwa huwa na pamethrini, na mbwa anaivumilia. Paka hawezi. Ini lake halivunji baadhi ya kemikali jinsi ini letu au la mbwa linavyofanya, kwa hivyo kile kinachomwua kiroboto kinamwua na yeye. Ndiyo sababu hiyo hiyo usimpe Panadol hata robo, usimpake mafuta ya mti wa chai, na usimwogeshe kwa dawa za kuua viini, hasa zile zinazogeuza maji kuwa meupe. Mafuta ya taa ndiyo kabisa! Atayalamba yote mwilini, kwa sababu kazi yake ni kujilamba. Dawa yoyote lazima iandikwe kwamba ni ya paka, na itaje umri na uzito. Kama haijaandikwa, irudishe kaunta.

Njia ya bei nafuu ipo, na pengine iko kwenye droo ya nyanya yako: kitana cha chawa. Weka bakuli la maji yenye sabuni ya vyombo kando, mchane kuanzia shingoni kwenda mkiani, na kila kitana kikitoka na kiroboto kichovye humo. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Inachosha, lakini haiui mtu.

Akiwa amejaa kiasi cha kitana kushindwa, ndipo unaleta karai. Maji ya vuguvugu, yapime kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Kama kisima chenu ni cha chumvi, tumia lita chache za mtungi, maji ya chumvi humkausha ngozi. Tone moja la sabuni ya vyombo isiyo kali, na uanze kwa kuizungusha shingoni, kwa sababu viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani. Uso usiumwagie. Dakika tano zinatosha. Msuuze vizuri, zima feni, funga mlango, mkaushe kwa taulo mpaka ukavu wa kweli, kisha mlaze kwenye leso karibu na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa.

Halafu geukia sakafu. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai hadi arubaini kwa siku, nayo hayakai kwa paka, yanadondoka kwenye mkeka na kochi. Ukimsafisha paka ukaacha mkeka, baada ya wiki mbili utarudi kwenye karai. Anika mkeka kwenye jua kali, fua matandiko kwa maji moto, fagia hadi mvunguni.

Kucha ni rahisi: minya kidole, kata ncha nyeupe tu, ile sehemu ya waridi ina mshipa. Masikio yakiwa na uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, hao ni wadudu na wanahitaji dawa ya daktari. Usichokoe na kijiti. Na ukiona duara lililonyonyoka manyoya, osha mikono kila ukimshika, maana choa ya paka huhamia kwako na kwa watoto.

Akikung'ata au kukuparura, hasa huyu wa kuokota ambaye hujui alikotoka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulize kuhusu kichaa cha mbwa. Paka pia huambukiza. Yeye mwenyewe apate chanjo akifika miezi mitatu.