Ukumbi wa Nyumba ya Shamba na Msimu wa Karafuu



Mara nyingi katika kurasa hizi tumeandika habari za miche, palizi na mizani. Leo twaomba ruhusa tuingie nyumbani, wala hatutafika mbali. Tutasimama papo hapo mbele, tangu barazani mpaka mwisho wa ukumbi. Wako watakaosema kuwa kupamba ukumbi ni shughuli ya mabibi, si jambo la kutiwa katika gazeti la wakulima. Nasi tulikuwa miongoni mwao, mpaka yalipotufika yaliyotufika.

Katika vuli moja, miaka michache iliyopita, ukumbi wetu ulikuwa umejaa fahari. Shemeji yetu mmoja alipohama mjini alituachia kabati la vioo, tukaliweka upande wa kulia, na ndani yake vikombe visivyonywewa pamoja na maua ya plastiki. Upande wa kushoto palikuwa na viti vinne vikubwa vya mbao, meza yenye kitambaa cha kufumwa, na baiskeli. Kila mgeni aliyeingia alisema Mashaallah, nasi tukaona raha.

Karafuu yetu ilikuwa juani siku ya pili, juu ya majamvi sita. Baada ya adhuhuri wingu likapanda kutoka baharini, na mwenye kuijua vuli ya Pemba ajua kuwa baina ya wingu na mvua hapana nafasi ya kumaliza kikombe cha kahawa. Tukakimbia kuanua. Jamvi la kwanza likaingia. La pili likanasa kwenye mguu wa kiti. La tatu halikuwa na pa kuwekwa, na watoto wamesimama mlangoni wamelishika pembe, mvua yawapiga migongoni. Basi ikabidi tumwage yote lundo moja, baina ya kabati na baiskeli.

Mvua haikukatika mpaka siku ya tatu. Tulipotia mkono ndani ya lile lundo tulikuta joto kama la mkate uliotoka sasa hivi tanurini. Karafuu mbichi ina maji mengi. Frasila 3 za mbichi hutoa kama frasila 1 tu iliyokauka. Ikirundikwa kabla maji hayo hayajatoka, hujipasha moto yenyewe na kuvunda, kisha ikikauka huwa nyepesi, imesinyaa, na rangi imepauka. Hiyo ndiyo mpeta, na wanachama hawahitaji kuelezwa uso wa mpimaji anapoichota kwenye gunia. Tuliuza kwa daraja la chini kabisa, na gunia moja tukarudi nalo. Kosa lilikuwa letu wenyewe. Bibi mmoja jirani yetu, alipokuja kutupa pole, alitazama kabati, akatazama lundo, akasema, "Wanangu, ukumbi mmeufanya duka, sasa karafuu imekuja mgeni haina pa kukaa."

Tangu siku ile tumepanga ukumbi upya, na kanuni yetu ni moja: sakafu iwe tupu, na kila kitu kipande ukutani. Aliye na majamvi sita ayapime, kisha aupime ukumbi wake, aone kama yataenea yakitandikwa, hata kama kingo zitapandana kidogo. Yasipoenea, kitu fulani hakina budi kutoka.

Kwa kazi hii hapana chombo kinachoshinda chango. Wazee wetu walichomeka vyango ukutani tangu wakati wa kukandika nyumba, na hata leo kipande cha tawi gumu lililokauka, kikichongwa na kutiwa ukutani kwa kuelemea juu kidogo, hubeba mzigo mwaka baada ya mwaka. Sisi tumeweka vyango kumi katika mistari miwili. Mstari wa juu, usiofikiwa na watoto, ni wa kamba, vigoe na mapanga. Mstari wa chini, usawa wa kifua, ni wa mapolo, vikapu, makawa na ungo. Na hapo ndipo yalipo mapambo yenyewe, kwani ukuta mweupe wa chokaa wenye makawa ya rangi na mkeka mmoja mzuri uliotundikwa hupendeza kuliko kabati, wala haugharimu kitu, maana vitu hivyo vimo nyumbani.

Juu ya kamba hatuna budi kusema zaidi. Kila msimu twasikia habari ya mchumaji aliyeanguka mkarafuuni. Wengine huvunjika, wengine hawarudi nyumbani. Si kila anguko ni la kamba, bali tawi la mkarafuu nalo hukatika ghafla bila ya kutoa onyo. Hata hivyo kamba iliyotupwa mvunguni mwa baraza, imerowa, panya waitafuna na mchwa waila kwa ndani, hiyo haina huruma na mtu. Kamba ikining'inia kwenye chango, mbele ya macho, kila apitaye huiona. Na asubuhi kabla ya kutoka, mwenye nyumba huipitisha mkononi kipande kwa kipande. Sisi tulikata kamba moja namna hiyo msimu uliopita. Kwa nje ilikuwa nzima.

Magunia yaliyokwisha kujazwa yasiwekwe chini, hata ikiwa sakafu ni ya saruji, kwani saruji nayo huvuta unyevu. Fanyeni uchaga wa boriti, futi moja kutoka chini, na mwacheni paka apite chini yake. Uchaga uwe mwisho wa ukumbi, mbali na mlango, wala usigusane na ukuta.

Kisha jambo la harufu. Karafuu ina mafuta yake yenyewe, yapata sehemu 15 hadi 20 katika kila sehemu 100 za uzito wa karafuu kavu, na bei yote ya zao hili imesimama juu ya mafuta hayo na harufu yake. Lakini hiyohiyo yenye harufu kali hupokea harufu ya jirani. Mafuta ya taa, petroli ya pikipiki, samaki wa ng'onda na dawa za shambani vitafutiwe banda la uani. Kadhalika rangi mpya: chokaa na ipakwe kabla ya msimu, ipate kukauka barabara. Sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha futi moja, huwa vizuri ikipakwa ngeu, maana matope ya masika hayaonekani. Mwanachama mmoja alituuliza kama afaa kuupaka mlango wake sifa, kama mafundi wa majahazi wanavyopaka vyombo vyao. Ubao hakika utadumu. Ila atafute pengine pa kuweka karafuu, na huenda na wageni pia.

Tukitaja mlango, wako wenye kutamani milango ya nakshi kama ile ya Mji Mkongwe wa Unguja, mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ni milango mizuri, yenye mfaa katikati na misumari ya shaba kichwa nje. Ilijengewa matajiri wa mjini, wenye watumishi wa kuifungua. Kwa nyumba ya shamba twaona mbao za mfenesi zilizopigwa randa zatosha, mbawa mbili, zote mbili zifunguke mpaka ukutani ili jamvi lipite bila ya kukunjwa. Wengi huacha ubawa mmoja umekomewa mwaka mzima, na komeo lenyewe limeshika kutu. Siku ya mvua ndipo hutafutwa nyundo.

Baraza haina maneno mengi. Iwe ya futi moja na nusu hivi, uso wake uinamie nje kidogo maji yasisimame, na upenu uifunike yote. Mgeni asiye wa ndani hukaa hapo, akanywa kahawa yake na kumaliza haja zake bila ya kuwasumbua walio ndani. Wachumaji nao hupimiwa hapo pishi zao au kilo zao. Viatu vibaki chini ya baraza, na karibu yake mtungi au ndoo yenye kata ya kuoshea miguu, kwa sababu mchanga ukiingia ukumbini huingia katika karafuu, na mpimaji huuona. Mrehani au asumini mlangoni ni jambo jema. Mkeka wa wageni tumeukunja na kuutundika. Mgeni akifika hutandikwa, akiondoka hurudi ukutani.

Usiku wa msimu ukumbi huwa kitu kingine kabisa. Watu wa nyumba na majirani hukaa duara kuzunguka karafuu iliyochumwa mchana, wakichambua makonyo, na hadithi za Abunuwasi zikipita mkono kwa mkono. Zamani ilikuwa ni kwa kandili, na moshi wake ukiwaumiza macho wazee. Tangu umeme ulipofika Pemba mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, nyumba zilizounganishwa zina taa. Lakini tumeona nyingi zimetiwa taa juu ya mlango, ikimulika ua na baraza, na wachambuaji wamekaa gizani. Taa na iwe katikati ya ukumbi. Msahafu na karatasi za mauzo viwe katika kidaka cha juu, na ufunguo wa mlango wa uani katika kidaka cha pili, kila siku palepale.

Vuli iliyofuata mvua ilitukuta tena, wakati ule ule wa baada ya adhuhuri. Majamvi sita yaliingia kabla tone halijaanguka uani, yakatandikwa, na watoto wakawa wanaipindua karafuu kwa mikono huku wakicheka. Ilichukua siku mbili zaidi kukauka, lakini ilikauka.

Kabati la shemeji lingalipo. Tumelihamishia chumba cha nyuma, na kuku mmoja ametaga chini yake. Maua ya plastiki tumeyaacha mlemle ndani. Shemeji akija huuliza habari zake.