Vita vya Mbali, Mkate wa Karibu

Wapo wenzetu wasemao barazani kwamba siasa za dunia hazituhusu sisi watu wa visiwani. Hatukubaliani nao. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari 2022, nchi hizo mbili zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano inunuliwayo na mataifa. Meli zikakwama bandarini katika Bahari Nyeusi, bei ya unga ikapanda, na anayekula mkate wa boflo Unguja na Pemba akailipia vita asiyoianzisha.

Ngano hatulimi, muhogo tunao. Basi wakuu wa kilimo wawapatie wakulima mbegu bora na njia za kufikisha mazao sokoni, nasi tusione haya kuula muhogo asubuhi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.