Kutafuta na Kutaja Maandishi ya Utabibu

Mwaka 2001 mwanamke wa umri wa miaka 24, mwenye afya njema, alijitolea kushiriki katika utafiti wa ugonjwa wa pumu kwenye chuo kikuu kimoja mjini Baltimore, Marekani. Alivutishwa kwa pumzi dawa iitwayo heksamethonia. Mapafu yake yakaharibika, na baada ya wiki chache akafariki dunia. Uchunguzi ulidhihirisha jambo la kusikitisha: madhara ya dawa hiyo kwa mapafu yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika majarida ya miaka ya 1950, ilipokuwa ikitumiwa kutibu shinikizo la damu. Mtafiti alikuwa ametafuta, lakini hazina ya kompyuta aliyoitumia haikurudi nyuma kupita mwaka 1966.

Mkasa huu waonyesha kwamba kutafuta maandishi si kazi ya ukarani itanguliayo utafiti. Ni sehemu ya utafiti wenyewe, na kama sehemu nyingine zote, hapana budi ifundishwe.

Haja ya faharasa ya maandishi ya utabibu ni ya zamani. Mwaka 1879 Dakta John Shaw Billings, aliyesimamia maktaba ya Daktari Mkuu wa jeshi la Marekani, alianzisha Index Medicus, orodha ya kila mwezi ya makala za utabibu zilizopangwa kwa mada. Mwaka 1964 kompyuta ilianza kutumika kuitayarisha. Mwaka 1971 ikawezekana kutafuta kwa njia ya simu kutoka mbali. Na mwaka 1996 ikazaliwa PubMed, ambayo leo ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Orodha iliyochapwa ilikoma mwaka 2004.

Hazina kubwa kiasi hicho haisaidii kitu ikiwa mtafutaji hajui lugha yake. Mwandishi mmoja huandika «kansa», mwingine «saratani». Ili kuondoa utata huu, makala hupewa istilahi maalumu kutoka katika orodha moja iliyokubaliwa, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Istilahi hizo zimepangwa mfano wa mti: shina ni mada pana, matawi ni mada finyu. Atafutaye kwa istilahi ya shina hupata na yaliyo matawini. Hata hivyo, makala mpya mno huenda bado hazijapewa istilahi; kwa hiyo yafaa kutafuta kwa istilahi na kwa maneno ya kawaida pia.

Maneno huunganishwa kwa mantiki ya mwanahisabati George Boole wa karne ya 19. Atakaye makala za malaria kwa wajawazito huunganisha «malaria» na «ujauzito» kwa kiungo NA, apate zile tu zenye mambo yote mawili. Kiungo AU hupanua: «ujauzito» AU «mimba» huleta zenye neno lolote kati ya hayo. Kiungo SI huondoa, nacho kitumiwe kwa uangalifu, kwani chaweza kutupa nje makala yenye manufaa.

Njia ya pili ni kufuata marejeo. Marejeo yaliyo mwishoni mwa makala humrudisha msomaji nyuma, kwenye kazi zilizotangulia. Eugene Garfield alitoa mwaka 1964 faharasa iliyogeuza mwelekeo huo: ukiwa na makala ya zamani, yakuonyesha ni nani waliyoitaja baadaye. Hivyo yawezekana kujua kama matokeo yalithibitishwa, yalipingwa au yalibatilishwa.

Lakini kutajwa mara nyingi si ushahidi wa ukweli. Mwaka 1980 jarida moja la utabibu la Marekani lilichapa barua ya sentensi tano iliyosema kwamba uraibu ulikuwa nadra miongoni mwa wagonjwa waliopewa dawa za jamii ya afyuni hospitalini. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta barua hiyo imetajwa mara 608. Asilimia 72 ya walioitaja waliifanya kuwa ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na takribani asilimia 80 hawakueleza kuwa wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Wakati huohuo dawa hizo zilikuwa zikiandikiwa watu majumbani kwa miezi mingi, na maelfu waliangamia. Kanuni ni moja: usitaje usichokisoma.

Kuhusu namna ya kuandika marejeo, wahariri wa majarida ya utabibu walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978 na kuafikiana mtindo wa namba: kila chanzo hupewa namba kwa utaratibu wa kutajwa kwake. Siku hizi programu za kompyuta hupanga namba hizo zenyewe. Lakini programu haiwezi kujua kama jina la mwandishi au mwaka ulioingizwa ni sahihi.

Umaskini wa maktaba nao umepunguzwa kidogo. Tangu mwaka 2002, mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida mengi bure au kwa ada ndogo. Mlango umefunguliwa, kinachobaki ni ujuzi wa kuingia. Mwanafunzi wa utabibu afundishwe kupima mapigo ya moyo, na afundishwe pia kumwendea mkutubi kabla ya kumwendea mgonjwa na dawa mpya. Kuuliza si ujinga.