Waliozisimika Nguzo za Kalokol

Ukitoka Lodwar kuelekea Kalokol, kabla hujaliona Ziwa Turkana, utakutana na nguzo 19 za mawe meusi ya volkano zilizosimikwa karibu na barabara. Waturkana hupaita Namoratunga. Wazee husimulia kuwa hao walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Wakamcheka pepo, naye akawageuza mawe papo hapo.

Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins walileta hadithi yao: nguzo zimeelekezwa kwenye nyota ambazo Waborana hutumia kuhesabu siku, na zina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Habari ikavuma. Miaka minne baadaye mwanaakiolojia Robert Soper alipima upya, akaonya kwamba mawe hayo yana sumaku inayopotosha dira. Ubishi ukaendelea.

Kwa maoni yangu, nyota hizo zimetupotezea muda. Jambo lenyewe liko ardhini, na limeonekana vizuri zaidi Lothagam, kusini mwa Kalokol, kwenye nguzo za aina hiyohiyo. Matokeo ya uchimbaji yaliyotangazwa 2018 yalionyesha kuwa chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 walizikwa watu wanaokadiriwa kufika 580, kuanzia miaka 5,000 hivi iliyopita. Wazee, akina mama, watoto wachanga, wote humo. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, mmoja alivishwa kichwani meno ya panya zaidi ya 100 (hebu fikiria kazi ya kuwakamata!). Kaburi la mkubwa aliyetengwa na wenzake halikuonekana.

Walikuwa wafugaji wa kwanza wa eneo hili. Mvua zilikuwa zimepungua, ziwa linarudi nyuma, malisho hayatabiriki. Huenda watu waliotawanyika na mifugo yao walihitaji mahali pa kukutania, wakachagua makaburini. Shimo la makaburi lilipojaa walilifunika kwa mawe.

Waturkana hawadai kuwa wajukuu wa wafugaji hao. Masimulizi yao yanawatoa magharibi, kwa Wajie wa Karamoja: vijana walimfuata fahali aliyepotea hadi bonde la Tarash, wakamkuta bibi Nayece akichuma matunda. Walipofika ziwani nguzo zilikuwepo. Wakaziacha zisimame, na wapita njia wao huziwekea vijiwe juu.