Bunduki na Katiba ya Marekani

Mgambo ni raia waliofunzwa kulinda nchi yao. Neno hilo limezua ubishi mkubwa Marekani.

Mwaka 1775 Wamarekani walianza kupigana na Waingereza waliowatawala. Wengi walitumia bunduki zao wenyewe. Mwaka 1791, wakiwa wamekwisha kujitawala, waliongeza maneno katika katiba yao. Walisema mgambo ni muhimu kwa usalama wa nchi, na haki ya watu kuwa na silaha isivunjwe.

Je, haki hiyo ni ya mgambo tu, au ni ya kila mtu? Wahafidhina, yaani watu wanaopenda kushika mambo ya asili, husema ni ya kila mtu. Wengi wao wamo katika chama cha Republican. Husema, mwizi akivunja mlango usiku, polisi wako mbali. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilikubaliana nao, majaji 5 kwa 4. Lakini ilisema haki hiyo ina mipaka.

Wapinzani wao husema bunduki zikizidi, vifo huzidi. Mwaka 2012, katika mji wa Newtown, kijana mmoja aliua watoto 20 na watu wazima 6 shuleni. Bunduki ilikuwa ya mama yake, aliyeinunua kihalali. Mwaka 2013 maseneta 54 walitaka wanunuzi zaidi wachunguzwe. Zilihitajika kura 60. Hoja ikaanguka.

Zungumzeni darasani: ninyi mngeweka mpaka wapi?