Kabla Hujaipanga Upya Diski kwa Programu ya Flashi

Fundi anayetembea ofisi hadi ofisi hupenda programu isiyohitaji kusakinishwa. Huiweka kwenye flashi, akaichomeka, akaifungua, na kazi ikiisha akaondoka nayo. Za kupanga upya faili zilizotawanyika diskini zipo kadhaa: Defraggler ya Piriform ya Uingereza, UltraDefrag, na Contig ya Mark Russinovich, ambayo haina hata dirisha, unaiandikia amri na jina la faili, basi. Ni zana nzuri, lakini watu wengi huziendesha bila kwanza kuuliza diski iliyomo ni ya aina gani.

Windows hugawa diski katika vijisehemu, kwa kawaida vya kilobaiti 4 kila kimoja, kwa hiyo picha moja ya megabaiti 4 hujaza zaidi ya 1,000. Diski ikiwa na nafasi tele, vijisehemu hivyo hukaa mfululizo. Ukishafuta na kuhifadhi kwa miezi, nafasi inayobaki huwa mapengo madogo madogo, na faili mpya hukatwa vipande ili itoshe humo. Hakuna kinachopotea ila muda. Ndani ya diski ya sahani (HDD) ya kompyuta ya mezani, kwa kawaida sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8 hivi. Kwa kila kipande, kichwa cha kusomea sharti kihame, kisha kisubiri sahani ikilete kipande chini yake; hesabu milisekunde 12 kwa yote mawili. Faili yenye vipande 500 vilivyotapakaa inakula sekunde 6 kwa kuhama na kusubiri tu. Hapo ndipo kompyuta inapoitwa nzito.

Diski ya aina ya SSD haina sahani wala kichwa. Kipande cha mbali na cha karibu husomwa kwa kasi karibu ileile, na chembe zake za kumbukumbu huchakaa kadiri zinavyoandikwa upya. Kuipanga ni kuichosha bure. Inachohitaji ni amri ya TRIM, inayoiambia data ipi imefutwa, na Windows inayo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Kwa Windows 10 na 11, tafuta neno defrag kwenye menyu ya kuanzia. Dirisha litakalofunguka linataja aina ya kila diski.

Dirisha hilohilo linaonyesha pia kuwa Windows hujipangia kazi hii kila wiki. Sasa ya flashi ya nini? Ina faida ratiba ikiwa imezimwa, au faili moja kubwa, kama ya barua pepe za Outlook au ya hesabu za duka, ndiyo inayosumbua. Defraggler na Contig zinaweza kushughulikia faili hiyo peke yake kwa dakika chache, bila kuhamisha diski nzima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzibeba. Nywila ya msimamizi utaihitaji vilevile.

Lakini angalia afya ya diski kwanza. CrystalDiskInfo nayo hukaa kwenye flashi. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, acha kabisa kupanga. Diski inayokufa ukiilazimisha kusoma na kuandika kwa saa kadhaa, unaweza kuimaliza ikiwa na kazi za mtu ndani. Nakili data zake mahali pengine, na hata diski yenye afya isiguswe kabla ya nakala rudufu. Flashi yenyewe ipitishe kwenye antivairasi kila inapotoka mashine moja kwenda nyingine, maana virusi husafiri kwa njia hiyohiyo.

Kompyuta ya mtumba yenye HDD ya miaka mingi ukiipanga itapata nafuu, ila ndogo. Mweleze mwenyewe kweli: fedha akiiweka kwenye SSD, hata ya gigabaiti 240, ataona tofauti ambayo hakuna programu ya kupanga diski itakayompa.