Riwaya Iliyobaki Ng'ambo ya Namanga

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, awe Makumira, Dodoma au Zanzibar, hukutana mapema na jina la Ndyanao Balisidya. Hukutana nalo kwenye marejeo ya tasnifu, kwa sababu ya *Fasihi na Sanaa za Maonyesho*, kitabu alichoandika pamoja na Penina Muhando, kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1976. Muulize mwanafunzi huyo kama amesoma *Shida*, riwaya ya mwandishi huyo huyo. Mara nyingi atakwambia ameisikia tu.

*Shida* ilitoka mwaka 1975, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa wanawake duniani. Mwaka huo huo Martha Mvungi alitoa vitabu viwili: *Hana Hatia* kwa Kiswahili, na *Three Solid Stones*, hadithi zenye asili ya Wahehe na Wabena, ambazo Heinemann walizichapisha kwa Kiingereza. Muhando naye akatoa tamthilia ya *Pambo*. Nchi ilikuwa na miaka kumi na minne tu ya uhuru, na tayari wanawake watatu walikuwa wameivunia hayo kwa mwaka mmoja.

Wapo wanaosema vitabu vya namna hii vilififia kwa kukosa uzito. Sikubaliani nao hata kidogo. *Shida* na *Pambo* zilichapishwa na Foundation Books ya Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa Arusha, ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Namanga hapakupitika hadi 1983. Kitabu cha Mtanzania kikageuka mali ya nchi isiyofikika. Mpaka ulipofunguliwa, karatasi zilikuwa adimu, fedha za kigeni hazipatikani, na mashirika ya umma ya uchapishaji yamelemewa. Kitabu kilichokwisha dukani nyakati hizo hakikuwa na wa kukirudisha mtamboni.

Tazama *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi. Ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, shirika ambalo nalo halikuivuka 1977. Lakini ilipata wachapishaji wengine, ikaingia madarasani, na hadi leo masaibu ya msichana Rosa yanajadiliwa. *Nguzo Mama* ya Muhando nayo imeishi kwa kufundishwa. Ubora ulihesabika, sikatai, ila kilichookoa vitabu hivi ni kwamba kila baada ya miaka kadhaa palikuwa na mtu aliyeamua vichapwe tena.

Uamuzi huo sasa umo mikononi mwa wachapishaji wadogo. Walter Bgoya alitoka Tanzania Publishing House akaanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na miongoni mwa kazi zake ni kuwarudishia wasomaji vitabu vya Shaaban Robert. Elieshi Lema, mwandishi mzaliwa wa Kilimanjaro, na Demere Kitunga walianzisha E & D, nyumba ya uchapishaji iliyomilikiwa na wanawake. Kule Kisumu, Asenath Bole Odaga alifungua Lake Publishers mwaka 1982. Wanawake hawa walielewa kwamba kuandika peke yake hakutoshi, lazima pia uwe na sauti pale panapoamuliwa nini kichapwe. Uingereza, Virago iliyoanzishwa na Carmen Callil mwaka 1973 ilijijengea jina kwa kuchapa upya riwaya za wanawake zilizokuwa zimeachwa. Kwetu bado sijaona mfululizo wa namna hiyo, wa Kiswahili, wenye lengo hilo hasa.

Kinachohitajika kinajulikana. Kwanza nakala moja iliyokamilika, isiyokosa kurasa. Kisha mwenye haki. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo lazima mwandishi au warithi watafutwe, waketi na mchapishaji, watie saini na walipwe. Hapa sina huruma na mtu: anayetoa kopi ya kitabu kizima steshenari na kukiuza kwa kisingizio cha kukiokoa anamwibia mwanamke aliyekwisha kupunjwa mara moja. Baada ya hapo ni kuchapa maandishi upya kwenye kompyuta, kuyasoma neno kwa neno dhidi ya toleo la zamani, na kuandika utangulizi. Mitambo ya kidijitali inaruhusu nakala mia chache, kisha nyingine zikihitajika, badala ya kufungia fedha katika maelfu yanayolala ghalani.

Makumira si pageni kwa kazi hii. Chuo kilichoanza kama chuo cha teolojia cha Walutheri kimekuwa na mfululizo wake wa vitabu, na Moshi, mwendo mfupi kwa barabara, kuna kiwanda cha uchapaji cha kanisa. Wanafunzi wa Kiswahili wangeweza kuhariri toleo jipya kama sehemu ya masomo yao, chini ya mhadhiri na mchapishaji aliyepata kibali cha familia.

Ningeanza na *Shida*. Inahusu vijana wanaokimbia dhiki ya kijijini kwenda Dar es Salaam, na huko wanakutana na dhiki nyingine. Vijana wanaoshuka kila wiki kutoka vijiji vya Meru kutafuta riziki Usa River na Arusha mjini wana haki ya kuisoma, na ya kubishana nayo.